Dada Anataka Nimfungie Matairi Yale Yale

Mpendwa mshauri,

Nisamehe kwa karatasi hii yenye alama za vidole, naandika nikiwa kazini, na mikono ya fundi matairi hata uisugue kwa sabuni ya unga haitakati. Safu yako nimeisoma miaka mingi kwa sababu wateja husahau magazeti kwenye benchi langu, na kusema ukweli nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nikisema hivi hawa hawana ndugu wa kuwauliza. Leo ni zamu yangu, naomba unisaidie kabla mvua hazijaanza.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, nina gereji ndogo ya matairi kando ya barabara kuu, nafunga, naziba pancha, najaza upepo, na wenye magari ya njia mbaya hutoka mbali kuja kuniuliza wafunge tairi gani, kwa hiyo neno langu kwenye jambo hilo watu hulichukua kama lilivyo. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea mama alipokuwa anashinda kazini, aliolewa na daktari wa mifugo, mtu mpole ajabu, aliyekuwa anaendesha pikapu yake ya kuvuta magurudumu yote manne polepole mpaka tukampa jina la Kobe, naye akalipokea, akawa akifika gerejini anapiga honi anasema, "Kobe amefika, pisheni njia!" Tulikuwa mashemeji wa kweli, yaani hatukuwahi kusema neno moja bila utani, akinisalimia ananitukana, nikimjibu namtukana, na dada alikuwa anasema siku tukizungumza kama watu wazima ataiandika tarehe hiyo ukutani.

Mwaka jana alikuja akitaka matairi mapya, ya zamani yalikuwa yamekwisha, akasimama mbele ya yale niliyokuwa nimeyatundika ukutani, akaniambia, na maneno yake nayakumbuka yote, "Shemeji, njia yangu mimi robo tatu ni lami, robo iliyobaki ndiyo udongo wa kwenda mazizini. Nipe yale ya kati." Alikuwa sahihi, mshauri. Kwa njia kama yake unafunga tairi la kati, lenye meno madogo yaliyokaribiana, linakwenda kwenye udongo bila kulalamika na kwenye lami yenye maji bado linashika. Yale mengine, ya matope, yana meno makubwa na nafasi pana katikati ili yachimbe na kutema tope, lakini kwenye lami iliyolowa mpira unaogusa chini ni kidogo, ukikanyaga breki gari linachelewa kusikia. Haya nayajua kama ninavyojua jina langu, na mteja mwingine yeyote ningemweleza. Lakini huyu alikuwa shemeji, na mafundi wenzangu walikuwa wamekaa wanasubiri kucheka, basi nikamwambia, "Ya kati ni ya watu wasiojua waendako. Daktari mzima wa ng'ombe unataka matairi ya kupelekea watoto shule?" Watu wakacheka, nami nikanogewa, nikasema gari la mwanamume linatakiwa lisimame kiume, nikayashusha yale ya matope yenye meno kama ngumi, na yeye akakuna kichwa akasema, "Haya bwana, funga hayo hayo, usije ukanitangaza mji mzima." Nikafunga yote manne.

Baada ya miezi miwili hivi, mvua zimeanza, akapita tena, na siku hiyo hakupiga honi. Alikaa kwenye benchi akasema, "Shemeji, haya matairi yako bwana. Juzi nimekanyaga breki kwenye mvua, gari likaniuliza, 'Umesemaje?'" Tulicheka mpaka mmoja akadondosha spana. Nikamjibu, "Si gari hilo, ni wewe, punguza uzee." Naye akacheka, lakini akabaki amekaa pale, anaokota nati kwenye kopo, anaizungusha, anairudisha, anaokota nyingine, kisha akasema, "Haya, wacha niwahi," akaondoka. Mteja wa kawaida angeniambia neno lile, ningelipandisha gari lake jeki palepale. Siku kumi na nane baadaye alikufa.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua ya rasharasha, gari likaserereka kwenye lami likagonga ukuta wa daraja dogo kwa ubavu wa upande wa dereva. Mimi ndiye niliyekwenda kulivuta kesho yake, na mama mmoja anayeuza mboga jirani na daraja akanisogelea akaniambia bila mimi kumuuliza, "Yule baba alikuwa anakuja taratibu tu. Ndama alikatiza barabara, akafunga breki, gari halikusimama, likateleza kama sabuni." Nikamshukuru, nikaondoka, na sikumwambia mtu. Karatasi ya polisi imeandikwa mwendo kasi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mama wa mboga, na mimi niliyemsikia nilifunga mdomo, na msibani watu wakawa wananipa pole wanasema hata Kobe siku yake ya kukimbia ilifika, nami naitikia kwa kichwa.

Dada naye anaamini hivyo hivyo. Siku ile mtoto wao wa mwisho alikuwa na homa kali, dada akampigia mumewe simu awahi kurudi na gari, na mpaka leo anarudia tu "ningejua nisingempigia". Simu yake ameizima ameitia kwenye droo ya kabati la vyombo, ukimtaka unapitia kwa jirani, miezi tisa sasa, tunaona ni huzuni ya ujane na tumeshazoea.

Sasa shida yenyewe ni hii. Pikapu imenyooshwa bodi, iko hapa gerejini kwangu ikisubiri matairi, dada amejifunza kuendesha, anataka kupeleka chakula cha mifugo na dawa kwenye mazizi yale yale ya marehemu, maana wafugaji wanamjua, na siku zisizo za shule watoto watapanda naye. Matairi mawili yalichanika, mawili yalipona. Alikuja gerejini akashika moja la yaliyopona, akayapapasa meno yake taratibu, akaniambia, "Mdogo wangu, nitafutie mengine mawili kama haya haya. Marehemu aliyapenda sana, nakumbuka siku aliyokuja nayo nyumbani, alituita wote nje tuyaone." Mshauri, nilikwenda nyuma ya kompresa nikaiwasha ili asinisikie nikilia.

Tangu siku hiyo namwambia mzigo haujafika. Nimesema hivyo mara nne. Nikiyafunga, nampakia dada yangu na watoto juu ya kitu kile kile. Nikikataa, ataniuliza kwa nini, na jibu ni moja. Nilitaka kumdanganya kwamba hayatengenezwi tena, lakini yametundikwa ukutani kwangu na anayaona. Nimemweleza mama peke yake, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Marehemu hasemi, na dada yako ana mzigo wa kumtosha." Nilimpenda sana yule mtu. Sikuwahi kumwambia, na ningeanzia wapi, wakati kila tulichosema kilikuwa mzaha. Nimwambie dada ukweli, au nitafute njia ya kubadilisha matairi kimyakimya nikae na langu moyoni? Mawingu yameanza kukusanyika na kila asubuhi anatuma mtu kuuliza kama mzigo umefika.

Ni mimi,
Fundi wa Kando ya Barabara

*

Fundi,

Pole sana kwa msiba. Natanguliza pole kwa sababu huko mbele sitakuwa mpole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikashuka chini kumuuliza dereva wa gari letu la kusambaza magazeti, maana kwangu mimi tairi ni kitu cheusi cha duara. Nikamweleza njia: lami robo tatu, udongo robo, na mvua. Hata hakufikiri. "Ya kati." Nikamuuliza, je, tukichanganya, mawili ya kati na mawili ya matope? Akaniangalia kama niliyemtukania mama yake. Kwa hiyo jibu la matairi unalo. Ulikuwa nalo tangu siku shemeji yako aliposimama mbele ya ukuta wako, na yeye alikuwa nalo pia. Hukuniandikia kwa sababu ya matairi.

Hukumuua shemeji yako. Alikuwa mtu mzima, angeweza kurudi akakwambia toa vitu vyako. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na ndama, kulikuwa na ukuta, na hakuna ajuaye kama yale ya kati yangesimama kwa wakati. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha, na wewe ulimcheka mtu aliyekuja kukuomba msaada. Hakupiga honi siku ile, umeandika mwenyewe. Alikaa anazungusha nati zako moja moja, anasubiri uache kucheka, na hukuacha. Hilo ni lako. Utakaa nalo, na sitakudanganya kwamba kuna siku utaamka halipo.

Ila kosa hilo lilikuwa la dakika chache, na alilifanya mtu aliyependa kutania. Hili la pili lina miezi tisa, na unalifanya kila siku ukiwa na akili zako timamu. Mama yako namheshimu, ni mama, ana watoto wawili na anataka kuwafunika wote kwa shuka moja. Lakini kombe hufunikwa ili mtu mbaya apite, na hapa anayepita ni binti yake mwenyewe akiwa na wajukuu garini. Eti marehemu hasemi! Ni kweli hasemi, ndiyo maana wanamsemea. Mtu aliyeendesha polepole maisha yake yote mmemzika kwa jina la mkimbiaji, watoto wake wanakua wakijua baba alikufa kwa kukosa subira, na mtu pekee wa familia anayejua vingine anaitikia kwa kichwa. Aibu, fundi. Nakwambia kama dada yako mwingine.

Halafu kuna jambo umeliandika juu juu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na mimi limenitoa machozi hapa ofisini. Dada yako alimpigia mumewe simu awahi. Karatasi ya polisi inasema mwendo kasi. Hebu yaweke hayo mawili pamoja kama anavyoyaweka yeye kila anapolala na kila anapoamka. Mke alisema wahi, mume akakimbia, mume akafa. Hiyo simu hajaizima kwa sababu ya ujane. Ameizima kwa sababu anaamini ndiyo iliyomuua mumewe, na kwamba aliyeipiga ni yeye. Miezi tisa mwanamke aliyekulea anabeba mzigo ambao maneno matatu ya mama wa mboga yangemtua: alikuwa anakuja taratibu. Maneno hayo umeyaweka mfukoni, na unaniuliza mimi kama ukae na lako moyoni. La kwako ni lipi? Nusu ya hilo ulilonalo moyoni ni mali yake.

Sasa nisikilize. Leo hii, ukishaweka gazeti chini, yang'oe yale mawili yaliyopona, na yale ya ukutani yashushe, usije ukalegea. Kisha nenda kwake mchana, watoto wakiwa shule, uende peke yako, na mama asijue mpaka umerudi. Usianze na machozi yako, kwa sababu ukilia atakubembeleza, alishazoea kukubembeleza, na ukibembelezwa hutasema. Anza na "Kobe hakukimbia." Mweleze mama wa mboga alivyosema, ndama na yote, na umwache alie kadiri atakavyo. Halafu umwambie la matairi: alichoomba mumewe, ulichomjibu, waliocheka, na ile siku ya pili gari lilipomuuliza umesemaje. Usipunguze neno. Wala usijipake umuuaji ili akuonee huruma, ametosheka na huzuni yake.

Usimwombe msamaha ukausubiri palepale kama mtu anayesubiri chenji. Anaweza kukufukuza. Anaweza kumaliza mwaka bila kukuita mdogo wake, na itakubidi uvumilie, maana ni haki yake. Lakini hata akikufukuza, kesho yake gari hilo liwe na matairi manne ya kati, mapya, ya aina moja, upepo umepimwa kwa mkono wako. Hilo halingoji msamaha. Baadaye, akiwa tayari, mpelekeni mama wa mboga polisi, kama atakubali, aseme alichoona. Karatasi ikibadilishwa, vizuri. Isipobadilishwa, wanawe watakuwa wamesikia kutoka kinywani mwa aliyeona.

Na gerejini endelea kutania, sikukatazi, kazi ni ngumu na watu wanahitaji kucheka. Ila mtu akikwambia gari lake halishiki, hata kama anacheka huku anasema, lipandishe jeki kwanza, mcheke baadaye.

Unasema hukuwahi kumwambia shemeji yako kwamba unampenda. Umechelewa kumwambia yeye, lakini kumsafishia jina hujachelewa. Na ukishamaliza kusema yote, kama bado hajakutoa nje, nenda kwenye kabati la vyombo ufungue ile droo. Simu ya miezi tisa betri yake itakuwa imekwisha kabisa. Ichomeke kwenye chaji wewe mwenyewe, mbele yake, ndipo uage.