Sentensi Iliyonishinda

Rhonda, Nakuru

Kwa dada yangu Nafula,

Mmeamkaje huko Chwele, wewe na watoto? Na mgongo wako, umepoa au bado unakusumbua ukiinama kupalilia? Mimi nipo. Mwili ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la huku Rhonda, na hicho nimeshakizoea. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu kwa simu huwa nasema niko sawa haraka haraka, halafu tunaongea mambo ya mahindi mpaka inakatika. Barua hii nimempa jirani yangu Mama Brayo, anakuja huko kwenye matanga ya kaka yake.

Dada, ule mtihani wa Kiingereza sikupita. Na hii ilikuwa mara ya pili.

Wacha nikueleze vizuri, maana wewe ndiye umebeba watoto wangu ukiningoja. Unakumbuka yule bibi mzee wa Milimani niliyekuwa nikimtunza, tuliyekuwa tunamwita Shosh. Alikuwa ameishi ng'ambo muda mrefu na marehemu mumewe, na alipopooza upande mmoja Kiswahili kilimtoka, akabaki na Kiingereza tu. Kiingereza changu chote nilikitoa kinywani mwake. "Sit me up," ananiambia, namketisha. "Put it down," naweka kikombe chini. "Turn me over slowly," namgeuza polepole. Nilikuwa naelewa, lakini sikujua maneno yamepangwa vipi wala kwa nini.

Shosh alipofariki, watoto wake waliuza nyumba na mimi nikarudi kufua nguo za watu. Ndipo wakala mmoja wa hapa mjini akaniambia kwamba ng'ambo wanatafuta watu wa kutunza wazee, na mtu aliyefanya kazi kama yangu huchukuliwa, mradi tu apite mtihani wa kuongea Kiingereza. Nilikupigia siku ile nikicheka mpaka ukauliza kama nimekunywa.

Mara ya kwanza nilianguka kwa sababu niliongea kama mtu anayerusha mawe. Nikaambiwa nitafute mwalimu. Nikampata Bi Salma, mama wa Kiislamu wa Bondeni, mwalimu mstaafu, anayefundishia sebuleni kwake jioni. Ubao wake ameuegemeza kwenye kabati la vyombo. Mama huyo ni mpole, lakini ukikosea hakuachi.

Jioni moja aliandika "Pick up the baby," mbebe mtoto. Chini yake akaandika "Pick the baby up." Akasema zote mbili ni sawa. Halafu akafuta mtoto.

"Sasa, Nekesa, badala ya mtoto weka 'her'. Utasemaje?"

"Pick up her."

"Hapana. Pick her up. Hako kaneno kadogo hakakai mwisho, kanakaa katikati."

"Kwa nini, mwalimu? Mtoto amekaa mwisho vizuri tu."

"Mtoto ni jina. 'Her' ni kaneno kepesi, hakawezi kuachwa nje peke yake. Wenyewe wakisikia umekaacha nje, wanajua lugha si yako."

Nilikariri nikifua. Wake her up. Put them on. Take it off. Na yale maneno ya namna kitu kinavyofanywa, hayo nayo yana adabu yake. Unasema "I wash her gently," namwosha taratibu. Huwezi kusema "I wash gently her." Nilikuwa nikianika shuka za watu naongea peke yangu, na mwenye nyumba mmoja akaniuliza kama nina homa. Sisi kwa Kiswahili mtu tunamtia ndani ya neno, namwosha, nambeba, na hakuna mahali pa kumsahau. Kule unamshika mkononi, unatafuta pa kumweka.

Ila Bi Salma alinionya kuhusu "look after", yaani kutunza. "Hii haipasuliwi," akasema. "Unasema look after her. Usimweke katikati." Nikamuuliza nitajuaje ipi inapasuliwa na ipi haipasuliwi. Akavua miwani, akapangusa macho. "Hakuna kujua, mwanangu. Ni kuzoea."

Siku ya mtihani niliketi mbele ya kompyuta, na mwanamke mmoja wa huko ng'ambo akawa ananiuliza maswali kutoka kwenye skrini. Alikuwa na sauti nzuri, siwezi kumlaumu. Aliniuliza nilikuwa nikimfanyia nini Shosh asubuhi. Dada, nilijibu. "I woke her up. I sat her up slowly. I put her shoes on." Kila kitu kilikaa mahali pake. Yule mama akawa anaitikia kwa kichwa akitabasamu, na mimi nikaanza kujiona nikiwa uwanja wa ndege.

Kisha akauliza, kwa ile sauti nzuri, nikienda kutunza wazee wa watu, watoto wangu watakuwa wanatunzwa na nani.

Nikasema, "My sister looks them after."

Nililisikia kosa likitoka. Nikajaribu kulirekebisha, nikasema "takes them care", na hilo nalo si neno. Nikataka kusema wewe ndiye unayewatunza, tangu Sifa hajaota meno, na kwamba unawatunza vizuri kuliko ningeweza mimi. Hilo ndilo nilitaka kusema. Lakini "them" nilikuwa nimeishika mkononi, sijui niiweke wapi. Yule mama akaniambia nisiwe na haraka. Mwishowe akauliza swali lingine, kuhusu hali ya hewa, na sikumbuki nilijibu nini.

Sisemi ni sentensi hiyo moja iliyoniangusha. Pengine kulikuwa na nyingine sikuzisikia. Ila hiyo ndiyo inaniamsha usiku.

Matokeo yalipotoka nilienda kwa wakala. Ni kijana mdogo, hakuinua macho kwenye simu. "Pole, mathe. Kuongea ndiko kumekuangusha."

"Naweza kurudia?"

"Kurudia unaweza. Lakini hawa waajiri wamepata watu, wamefunga. Sijui kama watafungua tena."

Nilipitia kwa Bi Salma nimwambie. Aliniwekea chai, akaketi nami. Mwisho akasema darasa lenyewe anafunga, macho yamekataa, hata ubao haoni tena. Hakuniambia nijaribu tena. Nilimshukuru kwa hilo.

Jioni hiyo nilikupigia. Hukushika wewe, alishika Sifa.

"Sifa, ni mama," nikamwambia.

"Mama ameenda kuteka maji. Wewe ni nani?"

"Ni mama. Mama wa Nakuru."

Akafikiria kidogo. Kisha akasema, kwa adabu, vile umemfundisha kuongea na wageni, "Nitamwambia umepiga. Asante." Akakata. Nilikaa na simu mapajani. Ndiyo maana sikukupigia tena.

Kurudi nyumbani pia nimewaza, lakini nirudi nikalime wapi, na shamba lenyewe mnajua halitutoshi? Nitaendelea kufua hapa. Mpango mwingine sina, na sitaki kukudanganya kwamba ninao.

Nisalimie Kukhu, nyanya yetu, mwambie naomba asiache dawa za presha. Khocha Wafula, mjomba wetu, mshukuru kwa kuezeka jikoni. Baraka mwambie nimefurahi amekuwa mkubwa wa kuchunga ng'ombe peke yake, na asimpige dada yake.

Baraka ndiye aliniambia kwamba Sifa akikuita mama, unamrekebisha kila mara, unamwambia wewe ni mama mkubwa na mama yake yuko Nakuru. Najua unanitunzia nafasi yangu. Dada, usimrekebishe tena. Akikuita mama, itika.

Ni mimi mdogo wako,
Nekesa