Suruali Nyeupe ya Babu

Jumatatu, 4 Agosti

Mitihani ya darasa la sita, nimesahihisha nusu. Mazoezi ya netiboli saa kumi. Wasichana wamelegea leo, nami nimewafokea kupita kiasi.

Baba mdogo Ismail amepiga simu kutoka Ludara. Arobaini ya Babu ni Jumamosi. "Wewe iko mwalimu, Zaitun. Utaandika historia ya mzee, utasoma mbele ya watu." Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza. Alizaliwa Ludara. Aliingia jeshi kijana, akapelekwa majini, fundi wa injini za boti kule Ziwa Viktoria. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, mwaka wa sabini na tisa, akakimbilia Kongo na Bibi. Akarudi, akalima muhogo. Mistari minne tu.

Lakini michezo! Mechi za redioni alizisikiliza amesimama. Watoto wa Ludara aliwafundisha kuogelea mtoni, kamba kiunoni, yeye ukingoni na filimbi. Tulimtania, eti askari wa majini asiye na bahari. Alijibu kwamba maji ni maji. Hata mimi kupiga filimbi nilijifunza kwake. Nisingekuwa mwalimu wa michezo bila yeye.

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiye aliyenifundisha, na wenzangu hapa Arua hawakisomi. Wanakiita lugha ya wanajeshi.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna nilichoandika. Nimefua, nimepiga pasi, nimefagia hata palipo safi.

Alhamisi, 7 Agosti

Basi niandike.

Fainali ya netiboli, mwezi wa sita, uwanja wetu. Babu alikuja bila kuniambia. Bodaboda mpaka Koboko, taksi mpaka Arua, na umri ule. Amevaa suruali nyeupe ya jeshi la majini aliyoitunza miaka yote, filimbi shingoni. Mwalimu mkuu akaniuliza yule mzee ni nani. Baba yake mwalimu mkuu aliuawa na askari wa enzi zile. Shule nzima inajua. Nikajibu: mzee wa kijijini kwetu, anapenda mpira tu.

Babu alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Alisikia. Viti vya wageni vilikuwepo, vingine vitupu. Yeye akaenda kukaa chini kwenye majani, nyuma ya goli, akapiga makofi mpaka mwisho. Tulishinda. Nilipogeuka, ameshaondoka. Nikashukuru kwamba ameondoka. Hilo ndilo linalonila. Wiki tatu baadaye akafa.

Mwoga mimi. Sina neno lingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika Ludara mchana. Uani wanawake wanamenya muhogo. Bibi yuko mkekani na wageni, anawasimulia fainali. Kumbe Babu alirudi na hadithi yake. Eti mjukuu alimshika mkono, akamketisha kiti cha mbele, akamtambulisha kwa walimu wote: huyu ni babu yangu, askari wa majini. Hata soda alipewa. Majirani wote wanaijua.

Bibi akanigeukia. "Hiyo ya Arua uweke kwa historia. Usisahau."

Nimekwenda kujificha jikoni. Nikilia, watadhani ni moshi.

Jumamosi, 9 Agosti

Dua imesomwa. Watu wamejaa mpaka barabarani. Nikasimama na karatasi yangu. Boti, Kongo, mtoni, redio. Walicheka palipochekesha. Nikafika kwenye ile ya Arua. Nilikuwa nimeandika vile alivyosema yeye, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Nikakunja karatasi. Nikawaambia nilimkana. Hakukuwa na kiti. Hakukuwa na soda.

Ismail akainamisha kichwa. Shangazi mmoja akasonya. Sheikh akaomba dua nyingine fupi, watu wakaenda kula. Hakuna aliyenisemesha, na sikumlaumu mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi Bibi ameniita chumbani. Akafungua sanduku, akatoa ile suruali. Makalioni ina doa la kijani.

"Hii nilifua mara tatu," akasema. "Kiti gani iko na majani?"

Alijua tangu siku ile. Alimwacha mumewe ajisifu, akamwitikia, akawasimulia majirani. Nikamuuliza kwa nini basi alitaka niisome. "Yeye alitaka watu wajue wewe namna hiyo. Mimi nani, niharibu?"

Kwa hiyo nimeiharibu mimi. Babu alinifunikia aibu yangu, nami nimeifunua mbele ya watu wake. Lakini ningewezaje kuisoma?

Bibi amenipa suruali na filimbi. Hakunikumbatia. Amenifungia na muhogo wa safari.

Jumatatu, 11 Agosti

Arua. Nimeamka mapema, nimeifua suruali mara ya nne. Doa limebaki. Nimeianika nje, kwenye kamba ya nyumba za walimu.

Mwalimu mkuu amepita akielekea ofisini. Akauliza ni ya nani, nyeupe namna hii.

Nikasema ni ya babu yangu. Yule mzee wa siku ya fainali. Alikuwa askari, wa majini.

Ameitazama tena. Akasema jua la leo litaikausha upesi. Akaenda zake.

Mazoezi saa kumi. Filimbi yake ninayo.