Hema la Bibi na Ndoo Iliyopinduliwa

Banda la Wafanyakazi,
Uwanja wa Mahema, Bustani ya Umma.
Jumapili, 20 Septemba.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua kuvimba. Je, anaweza kushuka ngazi za uani peke yake sasa, au bado anamwita mwanao Bonge amshike mkono halafu anamgombeza mtoto wa watu kwa kumshika? Mimi sijambo. Mgongo unalalamika asubuhi, lakini ukishapata joto la kazi unanyamaza wenyewe. Usiwe na wasiwasi.

Najua unasubiri jibu la chumba. Barua yako ya kuuliza kama mnaweza kutoa vitu vyangu na kuweka cherehani humo niliipata kitambo, na kila nikishika kalamu naiweka chini. Si hasira, Dada. Barua ilifika wiki ileile niliyokaribia kufukuzwa kazi, na mtu ambaye hajui kesho atalala wapi hawezi kusema chumba chake kitolewe au kibaki. Sasa mambo yametulia, nimepumua, naweza kukueleza. Jibu utalipata mwishoni. Usiruke kurasa kama kawaida yako.

Kazi yenyewe unaijua kidogo. Tunazoa majivu, tunasafisha vyoo, tunafagia viwanja vya mahema ili wengine waje. Watu wanakuja hapa kupumzika na wanafika wamechoka kuliko sisi. Mmoja alisimamisha hema lake juu ya bomba la kumwagilia nyasi, na asubuhi maji yalipofunguliwa alitoka na godoro kichwani. Mwingine alikwenda kumuuliza msimamizi wetu vyura wa bwawani huzimwa saa ngapi. Msimamizi akamjibu bila kucheka kwamba fundi wao yuko likizo. Huyo msimamizi ni mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, kwa hiyo tunamwita Filimbi, ila si mbele yake.

Sasa sikiliza, maana kisa chote kimeshikwa na kitu kimoja, ndoo. Kila kiwanja kina jiko la mawe na ndoo ya bati iliyojaa maji, kwa ajili ya moto. Mgeni akiondoka, anayamwagia majivu yale maji, kisha anaipindua ndoo. Sisi tukiona ndoo imepinduliwa tunajua hapo hakuna mtu tena, tunafagia na kupisha wanaofuata. Mgeni hana haja ya kututafuta na sisi hatumsumbui. Utaratibu huu umeandikwa kwenye ubao langoni, ubao ambao kila mtu anapiga nao picha na hakuna anayeusoma.

Na jambo jingine, watu wanaacha mahema. Najua hutaamini. Hema likilowa au likichanika kidogo wanaliacha limesimama na kwenda zao, na ndani wameacha blanketi, beseni, hata kandambili. Vyote vinakwenda jalalani. Mwanzoni roho iliniuma kutupa blanketi zima. Sasa nimezoea, na kuzoea kwenyewe ndiko kulikoniponza.

Ilikuwa Jumatatu, likizo ya shule imeisha, watu wamehama kwa pamoja. Nilikuwa na mwenzangu, dereva wa trekta, tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuwa hivyo. Yeye anavuta tela, mimi napakia. Tukafika kwenye kiwanja cha pembeni karibu na bwawa. Ndoo imepinduliwa. Nikagusa majivu, baridi. Hema lenyewe zee, la turubai nzito ya zamani, limelegea upande mmoja, lina kiraka juu ya kiraka. Nikachungulia: blanketi, beseni, kandambili. Ndoo ilikuwa kando ya jiko, si juu ya mawe kama wengi wanavyofanya. Niliona hilo, Dada, na nikapita nalo. Nilitaka kumaliza.

Nikang'oa vigingi, nikakunja kila kitu humo humo ndani ya turubai, nikazungusha kamba na kufunga. Taratibu akanicheka. Akasema naifunga taka kama zawadi ya harusi. Lakini mikono yangu haijui kufunga namna nyingine. Ni lile fundo lako la masikio mawili, ulilokuwa ukifungia nguo za wateja na kunituma nizipeleke.

Kabla jua halijafika utosini gari la taka lilikuwa limeshapakia mzigo wa tela langoni na kuondoka. Mimi niko kiwanja cha pili napiga reki. Nikasikia hatua nyuma yangu zikasimama. Nikageuka, nikaona bibi mmoja mwembamba, taulo begani, nywele bado zina maji, amesimama pale nyasi zilipokuwa za njano kwa kukaliwa na hema. Binti yake yuko nyuma yake na kikapu cha sabuni. Bibi hakupiga kelele. Alizitazama zile nyasi, akanitazama mimi.

Akasema, "Kijana, nyumba yangu iko wapi?"

Nilionyesha ndoo kwa kidole. Yeye akaitazama ndoo kisha akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mgeni wa nchi. Aliipindua mwenyewe asubuhi ili aikalie akimenya viazi. Maji yake aliyaoshea miguu. Binti yake alikuwa amemletea kiti cha kukunja, akakikataa. Alisema kiti kinachoweza kujikunja hakina sababu ya kutomkunja na yeye. Moto hawakuwasha, chai ilikuwa ya chupa. Kisha wakaenda bafuni, na huko nyuma nikawahamisha.

Binti yake akaanza kulia. Hapo ndipo nikajua nimetupa nini. Lile hema alilishona baba yake, mume wa bibi, aliyekuwa fundi wa turubai. Alilishonea sebuleni, binti na ndugu zake wakiwa wadogo, meza na viti vimetolewa nje ili apate nafasi. Kila likizo waliishi humo. Mzee alipofariki hema likapandishwa juu ya kabati na halikushushwa tena mpaka mwaka huu. Bibi alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba atalala ndani ya hema la mume wake na si jingine.

Filimbi akafika. Alisikiliza pande zote, akaishika filimbi yake bila kuipuliza. Akaniambia mbele yao, "Lisipopatikana leo, kesho usishike reki." Basi. Na wewe unajua, Dada, kitanda ninacholalia ni cha kazi. Reki ikienda, kitanda nacho kimekwenda.

Taratibu akawasha trekta bila kuulizwa. Nikarukia tela. Bibi naye akasema anakuja. Binti akamsihi abaki apumzike, Filimbi akasema tela si la kubeba watu. Bibi akaokota ile ndoo, akainyanyua, akaiweka katikati ya tela, imepinduliwa, akaniambia nimshike mkono apande. Akaikalia. Tukatoka langoni hivyo, bibi na taulo lake juu ya ndoo, mimi nimepiga magoti namshika asianguke, na Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anaendesha taratibu. Wageni waliokuwa wakiingia walitupungia mkono. Walidhani ni burudani ya bustani.

Jalalani mlinzi alituonyesha kilima kipya, gari limetoka kumwaga. Mahema ya kila rangi, viti vilivyovunjika, magodoro ya upepo yasiyo na upepo. Tingatinga lilikuwa limekwisha kuanza kuvisukuma kutoka upande wa chini. Taratibu alikwenda kumsimamisha dereva wake, sijui alimwambia nini, wanajuana madereva. Mimi nikaingia kwa mikono.

Nilichimba mpaka nikaanza kuongea peke yangu. Bibi ameketi pembeni juu ya ndoo, ananitazama tu. Mwishoni akaniita. Nilidhani atanilaani, na ningestahili. Aliniuliza nilikunjaje. Nikasema nimekunja katikati, nikaviringisha, nikafunga kamba. Akauliza nilifungaje. Nikamwonyesha kwa mikono, fundo la masikio mawili. Akasema, "Basi acha kutafuta hema. Tafuta masikio."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa natafuta turubai, na pale turubai zilikuwa nyingi, zote zina rangi ya matope. Nikaacha kuangalia rangi. Nikazunguka upande wa tingatinga, nikainama, na chini ya godoro nikaona masikio mawili ya kamba yamesimama wima kama ya sungura. Dada, nililikumbatia lile bunda na uchafu wake wote. Taratibu alisema nilikuwa nalia. Mimi nasema lilikuwa vumbi.

Fundo halikuachia hata kidogo. Kandambili zilikuwa ndani, blanketi ndani, beseni limepata ufa. Bibi alilipapasa, akanitazama, akaniuliza kama huwa nafunga takataka vizuri namna hii siku zote. Nikamwambia nimefundishwa na dada yangu, fundi cherehani. Akasema huyo dada ameokoa nyumba yake. Salamu hizo ni zako, nimezifikisha kama zilivyo.

Upande mmoja jino la tingatinga lilikuwa limechana turubai, mpasuko mrefu kama mkono wangu. Tuliporudi binti alikwenda dukani kununua uzi mnene na sindano ya shazia, na mimi nikaomba nishone. Nilikaa pale nyasini, bibi pembeni yangu, nikashona ulivyonifundisha, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Bibi alinifumulia mara mbili. Alisema mume wake angenicheka mpaka mvua iingie. Mara ya tatu akapitisha kucha juu ya mshono, hakuufumua, nikajua nimepita.

Filimbi akaja kuangalia. Kabla hajafungua mdomo bibi alimwambia, "Huyu usimfukuze. Ndoo niliikalia mimi." Filimbi akasema, "Bibi, ubao upo langoni, umeandikwa wazi." Bibi akamjibu kwamba ubao wao una maneno mengi kuliko barua ya posa. Nilimwona Filimbi anageuka haraka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baadaye aliniita ofisini, akanigombeza kweli kweli, nami nilistahili, kisha akasema nikachukue reki yangu.

Tangu siku ile kuna amri mpya. Hata ndoo ikiwa imepinduliwa, hatugusi hema bila kupiga hodi. Ungetuona, watu wazima tunasimama mbele ya turubai tupu tunasema hodi, hodi. Taratibu anajificha nyuma anaitikia karibu kwa sauti nyembamba. Nimeshika kifua kwa kushtuka mara kadhaa.

Bibi na binti yake waliendelea kukaa mpaka mwisho wa wiki. Jioni jua likiwa bado lipo nilikuwa napita kuwasalimu. Mvua ilinyesha siku moja, nikaenda kukagua mshono wangu kwa wasiwasi, ukawa mkavu. Siku hiyo bibi aliniuliza swali. Aliuliza, "Na wewe nyumba yako iko wapi?" Nikacheka, nikasema mbali. Akasema hajauliza umbali.

Barua yako ilikuwa mfukoni wakati huo.

Asubuhi ya kuondoka walikunja hema wenyewe. Niliposogea kusaidia, bibi alikataa, ila aliniachia nifunge fundo. Binti akapakia gari. Bibi akaichukua ndoo, akamwaga maji kwenye majivu yote mpaka yakaacha kutoa moshi. Kisha akaipindua juu kabisa ya mawe ya jiko, katikati, akaigonga kwa kiganja kama anayegonga mlango.

Akasema, "Sasa nimeondoka. Fagia."

Nikafagia. Na nikiwa nafagia nikapata jibu lako.

Weka cherehani, Dada. Iweke dirishani, ndipo kuna mwanga, na kitanda kisogezeni ukutani, Bonge alalie akitaka. Vyombo vyangu vya zamani gawa unavyoona. Lakini kitanda kisitoke, na koti langu liachwe palepale msumarini, hata kama lina vumbi, hata kama mama atasema limekuwa zee. Mtu akiingia na kuuliza la nani, mwambieni la mwenyewe. Mimi sijaipindua ndoo yangu. Nimechelewa tu kurudi kutoka bafuni.

Nimeomba ruhusa kwa Filimbi. Bustani inafungwa kwa wageni wakati wa mvua, mwezi wa kumi na mbili, na amekubali niondoke na kunihifadhia reki yangu mpaka nirudi. Nitakuja. Hodi nitapiga mimi mwenyewe, na nikisikia mtu anaitikia karibu kwa sauti nyembamba nitajua umeshamsomea Bonge barua hii.

Mnisalimie mama, mwambie asishuke ngazi kwa ubishi. Msalimie shemeji, na yule mdogo wenu mtundu, na jirani yetu wa mkate. Baba mkubwa akipita mwambieni mjomba wa Bonge bado yupo kazini na mgongo wake upo mahali pake. Mungu akupe macho ya kuona tundu la sindano kwa miaka mingi, na aulinde mlango wa nyumba yetu mpaka nifike.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata mikono ikinuka majivu,

Kijiti