Ulimwambia Nini Pacifique

Woodbury, 8 Septemba 2014

Kwako mume wangu Kamau, mjukuu wangu uliyebeba jina la babu yako, ndiyo maana nakuita mume,

Habari ya huko Saint Paul? Kifua kimepona? Mimi magoti yananisumbua lakini mdomo uko sawa. Simu yako sikuishika kwa kusudi. Ukipiga unaendesha gari, unanijibu "eeh, Cucu, eeh" kama mtu anayefukuza nzi. Nilijifunza kuandika kwa gumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa na miaka hamsini, kwa hivyo soma.

Nimeona kazi yako kwenye TV. Miaka sita umekuwa ukiwabebea watu mipira kwenye theluji ya Dakota, sasa umepewa difensi ya chuo kwenye huu mpira wa Kimarekani, vijana wote wa kuzuia ni wako. Vizuri. Mama yako alifunika macho. Mimi sikufunika. Yule namba hamsini na tano alimgonga mwenye mpira katikati ya mbavu, nikasikia kama gunia la viazi limeanguka kutoka kwa lori, na yule mwingine akatapika ndani ya helmeti. Nilicheka. Kanisani nimewaambia akina mama huyo amefunzwa na mume wangu. Wambui akasema ni ukatili. Nikamwambia mtoto wake anauza viatu Bloomington, anyamaze.

Huyo kijana ni wa nani?

Mke wako,
Cucu Peris


Saint Paul, 29 Septemba 2014

Cucu wangu mpendwa,

Kifua kimepona, nashukuru. Wewe pakaa magoti ile dawa, usimpe mama kazi ya kukukimbiza nayo.

Namba hamsini na tano anaitwa Pacifique, ana miaka kumi na tisa. Ni Mkongo, walikuja hapa kama wakimbizi. Mama yake hutandika vitanda kwenye hoteli moja Bloomington, na Kiswahili chake ungekielewa. Kila Jumanne naweka vijana wawili katikati ya duara, wengine wanapiga kelele, wanagongana mpaka mmoja abaki chini. Pacifique hajawahi kubaki chini. Juzi alimvunja mwenzake bega, kisha akaniuliza, "Kocha, nani mwingine?" Tulicheka wote, hata mwenye bega.

Kocha mkuu anastaafu. Ameniambia tukimaliza msimu hivi, kiti chake kitakuwa changu. Niombee.

Mume wako,
Kamau


Woodbury, 3 Novemba 2014

Kamau,

Salamu utazipata ukishanijibu.

Jumamosi nilikuwa nimekaa hapa na chai yangu. Pacifique aligongwa kichwa na watu wawili. Akaanguka mikono imekauka hewani kama kuku aliyekatwa shingo, vidole vinatetemeka. Alipoinuka akaenda kukaa kwenye benchi la wale wengine. Wakamcheka, wakamrudisha kwenu. Daktari wenu alikuwa ameinamia mtoto mwingine aliyeumia mguu. Wewe ukamshika Pacifique ile helmeti kwa mikono miwili, ukamwambia kitu, na akarudi ndani. Kiingereza cha mtangazaji sikijui lakini macho ninayo. Akagongwa tena. Damu ikamtoka puani, akabebwa kama mzigo.

Ulimwambia nini?

Usinidanganye. Nililala na jina hilo miaka arobaini, najua likidanganya linavyokohoa kwanza.

Cucu Peris


Saint Paul, 14 Novemba 2014

Cucu,

Natumaini huko mko salama. Mimi si salama.

Aliniuliza, "Kocha, leo tunacheza na nani?" Nikajua. Kocha yeyote angejua. Tulikuwa mbele kwa alama tatu, zimebaki dakika sita. Nikamwambia, "Cheza na aliye mbele yako." Nikampiga helmeti, nikamsukuma ndani.

Wamempasua fuvu kutoa damu. Ameamka, lakini mkono wa kulia umekufa, na akimwona mama yake anapiga mayowe kama ameona mwizi. Chuo kimeniuliza. Nimesema aliniambia yuko sawa. Wamekubali, na kile kiti bado wananiwekea.

Ukishasoma, choma barua hii. Hakuna mwingine anayejua ila wewe.

Kamau


Woodbury, 24 Novemba 2014

Mume wangu,

Umekula? Kula kwanza.

Barua sikuichoma. Kwetu mtoto wa boma lako akiumiza mtoto wa wenyewe, hukai ukingoja kuitwa. Unajipeleka, na unga na sukari, unasema ni sisi. Babu yako alienda hivyo baba yako alipomtoa mtoto wa jirani jicho kwa jiwe. Wewe ulizaliwa umekuta watu wanasalimiana, ukadhani ilikuwa hivyo siku zote.

Wambui alinipeleka na gari lake. Mama Pacifique alidhani ni watu wa kanisa wameleta pole, akatuwekea viti. Nikamwambia, mimi ni nyanya wa kocha aliyemrudisha mtoto wako uwanjani. Nikamsomea barua yako yote, polepole, kwa sababu mwandiko wako ni mbaya. Nilipofika pale pa "cheza na aliye mbele yako" akanipiga kofi, miwani ikavunjika. Akanipiga la pili, nikaonja damu. Wambui akataka kumshika. Nikamwambia keti, haya ni ya nyumba yangu. Nikamweleza pia kwamba mtoto wake akigonga watu, mimi ndiye niliyekuwa nikicheka kuliko wote.

Barua nimemwachia. Akiipeleka kwa wakili ni haki yake. Utasema nimekuharibia kazi. Nimeiharibu. Uliniambia hakuna mwingine anayejua ila mimi, kana kwamba mimi si mtu.

Jumapili saa nane anakungoja. Ameapa atakupiga wewe kunishinda. Vaa shati safi, usivae la timu.

Mke wako,
Cucu Peris


Saint Paul, 20 Januari 2015

Cucu,

Magoti yanakuwaje na baridi hii? Mama anasema huachi kuuliza kama nimeandika.

Ile Jumapili nilifika mpaka mlango wa jengo lao, nikarudi garini. Barua ikafika chuoni, nikafutwa kabla ya Krismasi. Nilikuchukia, Cucu, sitakuficha. Niliandika barua mbili za kukutukana nikazichana.

Wiki iliyopita nilienda. Mama Pacifique alifungua, akanitazama mpaka nikaangalia chini. Hakunipiga. Alikuwa amechelewa kazini na jirani anayemshikia mgonjwa hakuja. Akanipa bakuli la uji na kijiko, akasema, "Mlishe upande wa kushoto," akaondoka.

Pacifique bado hamjui mama yake vizuri. Mimi alinijua mara moja. Alinipiga ngumi ya mdomo kwa ule mkono mzima, kisha ya jicho, huku analia, uji ukamwagika wote. Sikuinua mkono. Alipochoka nikapika mwingine, akala.

Jioni mama yake aliuona uso wangu. Aliniuliza tu kama kesho naweza kufika saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu zamu yake inaanza mapema.

Nimefika kila siku tangu hapo. Pacifique bado ananipiga.

Mume wako,
Kamau