Kopo la Maji Nililokumwagia

Kibanda cha Fundi Cherehani,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, Mama Pacha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wale wapwa zangu wawili, bado wanagombania kiti kimoja hali viti vimejaa nyumba nzima? Mgongo wako je? Mara ya mwisho uliniambia unakusumbua ukikaa sana kazini, nami nikakuambia ununue mto, kwa ile tabia yangu ya kutoa dawa ya ugonjwa nisioujua.

Sisi huku ni wazima wa kuonekana. Mama miguu imemvimba, lakini ulimi wake ungali mwepesi. Jana alinikemea mbele ya wateja kwa kuvaa shati lisilo na kifungo, mimi fundi mzima. Ningependa niishie hapo, nikutakie heri, nifunge bahasha. Siwezi. Maji yamenifika shingoni, na kwenye simu sauti inanikimbia. Jirani yetu dereva wa lori anakuja huko kesho, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi.

Ni Chiriku. Mwanangu anaumwa, mdogo wangu, na naogopa nitampoteza.

Unakumbuka jina hilo lilivyompata. Ulimbeba mgongoni akiwa na miaka miwili, akakupigia soga njia nzima mpaka ukaomba nikupokee, masikio yamechoka. Sasa ana miaka kumi na sita na neno lake ni moja tu, "sawa." Chakula kiko mezani. Sawa, na hagusi. Umelala vizuri? Sawa, na macho mekundu. Nyumba imekuwa kimya hata cherehani yangu naona inapiga kelele.

Mwezi wa tatu aliniletea sketi yake ya shule, inamlegea kiunoni. Nikaipunguza. Mwezi wa tano akaileta tena, nikaipunguza tena, nikamtania kwamba anatafuta kiuno cha nyigu. Mwezi wa saba ikaja mara ya tatu. Mshono ule ulinyooka hata nikamwita fundi mwenzangu aje auone. Hebu fikiria. Mimi ninayejua mteja ameongezeka kilo mbili kabla hajavua koti, mwanangu anaisha mbele ya macho yangu, nasifu mshono! Wanasema mganga hajigangi, lakini mimi hata kuona mgonjwa nilishindwa.

Na si sketi peke yake. Aliacha mpira wa pete, yeye aliyekuwa akilala na mpira kitandani. Leo tumbo, kesho kichwa, na zahanati wakipima hawaoni kitu. Neno dogo la mama yake lilimfanya awake kama kibiriti, kisha anajifungia kulia. Walimu wakaandika kwamba anasinzia darasani. Halafu akagawa vibanio vyake vyote vya nywele kwa watoto wa jirani, vile alivyokuwa haruhusu mtu kuvigusa, nami nikamsifu kwamba ana mkono wazi.

Unataka kujua nilifanya nini? Nilihubiri. Nilimwambia sisi tulitembea kwa miguu kwenda shule na hatukununa. Nikamwita mvivu. Nikamnyang'anya simu, nikasema ndiyo inayomharibu. Asubuhi moja nikamvuta shuka. Wifi yako alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze, nami nikadhani anamtetea.

Jumamosi, wiki tatu zilizopita, Chiriku alipita kibandani na sketi ile ile mkononi, ametumwa na mama yake. Nikaipindua ndani nje. Mishono yangu mitatu imefuatana, na hapakuwa tena na kitambaa cha kukunja. Nikamwambia asimame nimpime upya, labda nimshonee nyingine. Akasimama, mikono imening'inia.

"Baba, acha tu," akasema. "Usipoteze uzi wako."

"Nisipoteze uzi vipi? Jumatatu utavaa nini?"

"Sitaihitaji."

Hakusema kwa hasira, mdogo wangu. Alisema kwa upole, kama mteja anayekuhurumia usipate taabu. Futi ya kupimia ikanianguka. Nikaiacha suti ya bwana harusi wa watu kwenye cherehani, mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado, nikamshika mwanangu mkono kama siku ya kwanza ya shule, tukaenda zahanati. Njiani sikuuachia ule mkono hata baada ya kuvuka barabara, na watu wakatutazama.

Safari hii tulipelekwa kwa mshauri, mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alimuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Nilitaka kumziba mdomo! Niliona anamfundisha mtoto jambo baya. Chiriku akasema ndiyo, tangu mwezi wa nne. Halafu mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Mshauri aliniambia baadaye kwamba kuuliza hakumwekei mtoto wazo hilo kichwani, na kwamba huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, si kudeka wala uvivu, na unatibika. Nilimwomba alirudie hilo neno la mwisho.

Kisha akamuuliza Chiriku kwa nini hakutuambia sisi wazazi wake. Sasa sikiliza alivyojibu mwanangu, maana ndiyo sababu ya barua hii. Alisema, "Ningesema, wangenimwagia maji kama shangazi."

Mshauri hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilitamani sakafu inimeze.

Ulikuwa na miaka kumi na sita wewe pia. Ilikuwa imetimia miezi miwili umelala chumba cha nyuma, uso ukutani, sahani inaingia na kutoka kama ilivyoingia. Marehemu baba akasema unadeka. Mimi kaka mtu nikajaza kopo kwenye pipa, maji ya asubuhi yenye baridi, nikakumwagia kichwani. Ukainuka. Ukaanika godoro, ukafua shuka, ukaenda shule bila kusema neno. Tukasema umepona, na mimi nikawa daktari.

Miaka ishirini na saba naisimulia hadithi hiyo. Niliisimulia kwenye harusi yako, kipaza sauti mkononi, watu wakashika mbavu, nawe ukacheka. Sasa nakumbuka ulivyokuwa umeshika ukingo wa meza. Chiriku ameisikia tangu hajaota meno. Mimi nilidhani nachekesha watu, kumbe mtoto alikuwa akijifunza kwamba kwetu mtu akizama anaongezewa maji. Nisamehe, mdogo wangu. Sijui neno jingine la kuweka hapa.

Hali yake ya sasa nikueleze ilivyo, nisikupambie. Kila Alhamisi tunakwenda kwa mshauri. Dawa zote za nyumbani wifi yako amezifungia, na mikasi yangu yote inabaki kibandani. Hatumwachi peke yake. Tumeambiwa tumsikilize bila kumkatiza na bila kumpa mifano ya ujana wetu, na mimi hilo linaniuma ulimi kila siku. Kwa hiyo nimebuni la kwangu: jioni nachukua mashati ya wateja, naketi chini chumbani kwake, nashona vifungo kwa mkono. Sisemi kitu. Akitaka kusema, nipo. Juzi alikula nusu sahani, wifi yako akaenda kulia jikoni. Lakini jana hakuinua kichwa kutwa nzima, na mimi nilisimama mlangoni nikitazama kama shuka linapanda na kushuka. Usiniambie nivumilie. Navumilia. Naogopa tu, naogopa usiku na mchana, sijawahi kuogopa hivi.

Sasa la mwisho. Ijumaa nikiwa kwenye kifungo cha nne, aliniuliza, "Baba, shangazi alipona?"

Nikamwambia, "Alipona, si unamwona?"

"Yeye mwenyewe alikwambia?"

Sindano ikasimama. Sijawahi kukuuliza.

Nakuomba, kwa maziwa tuliyonyonya, mwandikie. Si mimi, yeye. Mwambie kweli ya chumba kile cha nyuma, ulichokuwa ukisikia, nani alikusaidia kama yupo, na sisi tulikukosea wapi. Usinihurumie hata mstari mmoja. Mficha maradhi kifo humfichua, na ukoo wetu umeficha vya kutosha. Kama ulitoka mle, mwonyeshe ulipopita. Kama hukutoka, mwambie hilo pia, asijione yuko peke yake. Dereva anarudi Alhamisi. Hata ukurasa mmoja unatosha.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwabusu wote wawili kwa zamu, wasigombane. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Wifi yako anakukumbatia. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atuachie huyu tuliye naye.

Siku ile ulipokuwa unachuruzika maji kitandani, mimi nimesimama na kopo tupu mkononi, kulikuwa na jambo moja la kukuuliza, na sikuliuliza. Nakuuliza leo, na mwanangu anangoja jibu: mdogo wangu, ulipona?

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko nilivyojua kuonyesha,
Fundi.