Damu ya Jaji Léonard

Durban, 14 Machi 1999

Kwako Yaya Marie-Louise, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mapendo, wewe na wote walio nyumbani Uvira. Mguu wako unaendeleaje? Wanajeshi wanawaacha mlale? Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma. Barua nimempa Marcelline mkononi, anapitia Kigoma, maana siamini posta ya nchi yenye vita. Uisome ukiwa umeketi.

Jaji Léonard ameuawa. Ni yule mzee niliyekuwa nikikuandikia habari zake, jaji wa zamani wa Bukavu aliyekuwa akilinda magari mbele ya maduka ya Umbilo. Alipigwa nondo ya kichwa mchana kweupe, watu wakinunua mkate. Nilipomfikia alikuwa angali anapumua. Jicho moja lilikuwa limetoka, na meno yake yametapakaa kwenye lami.

Unajua nilivyowachukia majaji wa kwetu. Miaka nenda rudi nimeandika makaratasi ya kuwatukana, na huyu nilimtukana usoni. Nilimwambia kwamba alikula meza moja na dikteta. Akajibu kwamba ndiyo, na mchuzi aliuramba. Alianza uhakimu mwaka 1964, angali kijana, katika mji ambao waasi walikuwa wamemchinja hakimu aliyemtangulia. Akapanda hadi ujaji, akakalia kiti zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na sharti lake mwenyewe: kila aliyemhukumu kufa, alikwenda kumtazama akipigwa risasi. Wenzake walimcheka kwamba anapenda damu. Yeye alisema jaji asiyeweza kuitazama hukumu yake asiitoe. Nilimwambia afadhali angekataa kuitoa. Hapo akainuka, akarudi kwenye magari yake.

Hapa Durban watu wetu walimpelekea magomvi yao kila Jumapili baada ya misa, katika saluni ya Carmel. Kabla hajasikiliza, kila mtu alisimama akataja jina lake, la baba yake na alikozaliwa, kama mahakamani. Mwezi wa kwanza mwaka huu mwanao Prodige aligombana na mwenzake juu ya mahali pa kupanga simu zake za biashara kando ya barabara, nikampeleka mimi mwenyewe. Mtoto akasimama, akataja: Prodige, mwana wa Ladislas, wa Uvira.

Jaji akavua miwani. Mtu mwingine angenyamaza, Yaya. Yeye alisema mbele ya wote kwamba hawezi kuamua shauri la kijana huyo, kwa kuwa ndiye aliyemhukumu baba yake kufa katika ile kesi ya siri ya mwaka 1978. Akasema alikuwepo asubuhi ile, na kwamba Ladislas alikataa kufungwa macho. Akasema pia hukumu iliandikwa na wakubwa, yeye akaisoma tu. Miaka yote tulimtafuta mtu asiye na jina, kumbe nilikuwa nakunywa naye chai! Prodige alitoka nje, na tangu siku hiyo hakula tena nyumbani kwangu.

Mzee alipouawa, watu wetu walisema ni wenyeji. Si ajabu, kila siku tunazomewa makwerekwere, jina lao la kuwatukana wageni, turudi kwetu. Vijana wakamkamata Bheki, Mzulu muosha magari aliyekuwa akigombania mahali na mzee. Wakampiga mawe, wakamvunja taya; polisi wakamchukua nusu maiti, wakamfunga kwa mauaji. Kisha wakaja kwangu mbio, wakisema: Eish, Mama Élisabeth, wewe iko na kalamu ya moto, andika kwamba wametuulia jaji wetu! Prodige alikuwa kati yao, akipiga kelele kuliko wote.

Sikuandika. Yaya, nondo ile niliiona mkononi mwa Prodige. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, robot, taa ya magari, ikiwa nyekundu. Wengine waliona kofia ya sufu iliyofunika uso. Mimi niliyajua mabega yale. Nilimwita kwa jina. Akageuka, akanitazama, akapiga tena.

Nilinyamaza, nikijiambia kwamba mimi ni mama mdogo wake, nimembeba mgongoni, na kwamba damu ya Ladislas nayo ilikuwa ikidai. Ndipo nikaenda hospitali kumwona Bheki. Amefungwa pingu kitandani, mama yake akimlisha uji kwa mrija. Nikatoka pale moja kwa moja hadi polisi, nikamtaja mtoto wako. Mahakamani nitasimama nimtaje tena.

Hapa hawaui kwa sheria. Adhabu hiyo wameifuta. Lakini ataoza ndani miaka mingi. Watu wetu wanasema nimemuuza mtoto kwa Wazulu. Dirisha langu wamelivunja, Carmel amenitemea mate. Waache. Tulikimbia nchi ambamo yeyote aliyekuwa karibu alitosha kufa kwa kosa la mwingine. Sikubali tuijenge upya hapa, hata kwa ajili ya mwanetu.

Wasalimie watoto, na majirani wanaoniulizia. Ukitaka kunilaani, nilaani, ila mwandikie yeye kwanza. Jana nilimpelekea chakula gerezani, akakikataa. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mama yake anajua. Nikamwambia anajua. Nilidanganya, Yaya, ndipo nikarudi nyumbani kuandika.

Mdogo wako,
Élisabeth