Mchumba Wangu Anasema Jedwali la Tatu ni Uroho

Mama Lidia, shikamoo. Nakuandikia akili ikiwa imefika mwisho, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja huku Kigonsera, nina mchumba anaitwa Crispin, mwalimu mwenzangu kutoka Bukoba, tangazo letu la ndoa limeshasomwa kanisani mara mbili, na sasa imetokea nafasi ya kazi ambayo imeingia kati yetu. Tangu biashara ya kahawa ifunguliwe kwa watu binafsi, pale Mbinga mjini wamekuja wanunuzi wengi, na kampuni mojawapo inatafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kumpeleka Dar es Salaam mwaka mzima kusomea kompyuta halafu arudi awafanyie mahesabu, na mimi nimeomba na Crispin naye ameomba.

Mtihani wao ni kuandika programu ya kuzidisha matriksi nyingi kwa mfululizo, yaani yale majedwali ya namba yenye mistari na safu, la kwanza likionyesha kahawa ya kila kijiji inavyogawanyika kwenye mitambo ya kumenyea, la pili kila mtambo unatoa madaraja gani, la tatu kila daraja linachukuliwa na mnunuzi yupi, na wanaweza kukuongezea la nne na la tano papo hapo, ukiyazidisha yote unajua kahawa ya kijiji kama Mpepai inaishia mikononi mwa nani. Uandike kwa lugha ya kompyuta ya BASIC tupu, bila kuazima hata kipande kilichotengenezwa na mtu mwingine. Mama, kazi hii naipenda mpaka naiota, na Sista Mkuu ananiachia kompyuta ya shule kila siku baada ya vipindi.

Tatizo langu la kwanza ni programu yenyewe. Nilianza na majedwali matatu, la kushoto, la kulia na la jibu, ikawa inazidisha mawili vizuri, lakini sikujua niendelezeje mfululizo, nikamuuliza Crispin, akasema jedwali la tatu ni uroho, kumbukumbu ya mashine yenyewe ndogo, jibu liandike humo humo kwenye la kushoto kisha uendelee na linalofuata, nikaona ni akili hiyo, nikalifuta la tatu. Tangu siku hiyo safu ya kwanza inatoka sawasawa na hesabu ya kalamu, na safu zote zinazofuata ni wendawazimu mtupu.

La pili ndilo linaloniumiza. Juzi Crispin alikuja kumsaidia mama yangu kulima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, kama mkwe mtarajiwa anavyotakiwa, na huku kwetu wanaume wanalaza majani makavu kwa miraba kwenye mteremko, halafu wanawake tunachimba udongo katikati ya mraba na kuyafukia majani pande zote nne, sasa yeye kwa haraka ya kutaka kusifiwa akalaza upande mmoja, akashika jembe akafukia, akalaza wa pili, akafukia, alipofika wa nne udongo wa katikati umekwisha na majani yako wazi, mama akamwambia, "Baba, malizeni kwanza kulaza pande zote, ndipo muuguse udongo!" Watu wakacheka, akanuna, na tulipokuwa tunarudi akanitolea ya moyoni, eti nijitoe kwenye mtihani, sisi ni mwili mmoja, akienda yeye tumekwenda wote, na kama programu yenyewe imenishinda kuna ubaya gani. Nilinyamaza. Mama, nampenda Crispin, lakini kujitoa sitaki, sitaki kabisa. Nifanyeje?

Lukresia, Kigonsera

*

Marahaba, Lukresia. Pole sana, mwanangu. Uliniomba nisicheke, samahani, nimecheka, ila si kwa kukudharau. Nilifundisha hesabu kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kusoma vilio vyenu, kwa hiyo wasomaji wasiopenda namba wanivumilie kidogo.

Jibu la programu mama yako ameshalitoa shambani, nawe ulikuwa umesimama hapo hapo na jembe lako. Mstari mmoja wa jedwali la kushoto unatumika kwa safu zote za jibu, kama udongo wa mraba mmoja unavyotakiwa kutosha pande zote nne. Chukua mstari wenye 1 na 2. Jedwali la kulia liwe na 1 na 1 juu, 2 na 1 chini. Jibu la kwanza ni 5. Ukiiandika hiyo 5 juu ya ile 1, jibu la pili lililotakiwa kuwa 3 litatoka 7, kwa sababu umeifukia namba uliyokuwa bado unaihitaji. Wendawazimu wako ndio huo.

Rudisha jedwali la tatu, lile la jibu, leo hii. Kila unapoanza kuzidisha, lijaze sifuri, maana masalia ya hesabu iliyopita yatakuharibia. Soma la kushoto na la kulia bila kuyagusa, jibu lote liweke kwenye la tatu, likikamilika ndipo ulihamishie la kushoto na kuleta la kulia jipya. Hapo hata wakikupa kumi, programu ni ile ile. Iambie mashine ihakikishe kwanza kwamba safu za kushoto ni sawa kwa idadi na mistari ya kulia. Zisipolingana, iseme wazi na isimame. Mpangilio usiuguse: kijiji kianze, mnunuzi amalizie. Na kumbukumbu? Majedwali ya mistari kumi yatajaza kompyuta gani? Wasiwasi wa bure!

Na wewe nawe! Mwalimu mzima una programu inayofanya kazi, unaifuta kwa neno la mtu bila kulijaribu kwa kalamu? Kupenda ni sawa, lakini hesabu hukaguliwa, hata ya mchumba.

Tuje kwa Crispin. Sisemi alikudanganya. Aliyefanya kosa lile lile shambani mbele ya mama mkwe hana hila, ana haraka tu. Lakini haraka hiyo sasa inataka kukufukia na wewe kabla hujamaliza kujipanga. Huo mwili mmoja naujua sana. Mbona mwili huo ukitakiwa kujigawa, wa kubaki nyumbani ni wewe?

Ulinyamaza njiani, usinyamaze tena. Wiki hii mwambie kwa mdomo wako, "Nafanya mtihani." Mwonyeshe na kosa la jedwali, alirekebishe na la kwake, mshindane kwa haki. Kisha nenda kwa paroko umwombe asisome tangazo la tatu mpaka majibu yatoke.

Ukishinda, mwendee Crispin wewe mwenyewe, umtazame usoni unapomwambia. Akifurahi, mwambie paroko asome. Akinuna kama alivyonuna kwenye ngolo, panda basi uende Dar.